Safu ya Ushauri: Tangi la Upepo Lifungwe Wapi?

Msomaji wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye Toyota Hilux iliyoshushwa hadi inakaribia kulala chini, ameiandikia safu hii akieleza kwamba ameng'oa springi za nyuma na kuweka mifuko ya hewa, yaani mifuko ya mpira mnene inayojazwa upepo ili gari lipande na kupunguzwa ili lishuke. Sasa hana usingizi, kwa kuwa fundi anataka matangi mawili ya kuhifadhia upepo huo yafungwe chini ya gari, ilhali marafiki wanayataka juu, katikati ya bodi ya mizigo, ambako yataonwa na kila apitaye Place de l'Indépendance.

Marafiki wanastahili heshima, ingawa haijulikani kama watakuwapo siku ya kusukuma gari. Kabla ya kuchagua upande, inafaa ieleweke kwanza tangi linabeba nini. Kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662 yaonyesha kwamba hewa, joto lake lisipobadilika, hupungua ujazo kadiri shinikizo linavyozidi. Kwa hiyo tangi la lita 19 likijazwa hadi bar 10, bar moja ikiwa karibu sawa na uzito wa kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, huwa limebana ndani yake zaidi ya lita 200 za hewa ya kawaida. Kifuniko chake, kikiwa na kipenyo cha sentimita 20, husukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya takriban tani 3. Chombo cha namna hiyo hakitobolewi, hakichomelewi kishikio ubavuni, wala hakiachwi mahali ambapo bampa la mwingine litakifikia.

Nafasi inayowavutia wengi ni ile iliyoachwa wazi na tairi la akiba, nyuma ya ekseli, na ni kweli kwamba ina upana wa kutosha. Lakini pikapu iliyoshushwa, ikitoka kwenye mtaro wa mteremko, huburuza mkia kwanza, na tangi lililo hapo ndilo litakalosalimiana na jiwe. Isitoshe, tairi lenyewe litahamia kwenye bodi, kwa maana hakuna mwenye akili anayeteremka mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola bila tairi la akiba. Mahali panapofaa zaidi ni mbele ya ekseli ya nyuma, kati ya mihimili miwili ya shasi, matangi membamba yakilazwa sambamba na mihimili hiyo na yasiteremke chini ya ukingo wake, upande usio na bomba la moshi, na mbali na propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ambayo si kwamba huzunguka tu bali pia hupanda na kushuka pamoja na ekseli. Matundu ya bolti yatobolewe kwenye ubavu wa mhimili, kamwe si kwenye kingo zake za juu na za chini, ambazo ndizo zinazobeba mvuto na mgandamizo wakati shasi inapojipinda. Na kati ya chuma na chuma iwekwe mipira.

Liko pia suala la maji, ambalo hupuuzwa hadi vali zianze kushika kutu. Hewa ikibanwa kisha ikapoa, unyevunyevu wake hugeuka maji na kutuama chini ya tangi, na katika mji ambao mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei unyevunyevu si haba. Basi koki ya kumwagia maji iwe mahali pa chini kabisa, bomba la kwenda kwenye mifuko litokee juu, na kompresa inayojaza upepo ikae juu kuliko tangi. Tena, Bukavu ikiwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo kompresa itachelewa kujaza. Fundi asilaumiwe kwa hilo.

Mama mmoja wa Ibanda analalamika kwamba mumewe amekwisha kuyafunga matangi yake yanayong'aa ndani ya bodi, na sasa magunia ya makaa ya mama mkwe hayana pa kukaa. Jibu lake ni fupi: mama mkwe apandishwe mbele pamoja na mwanawe, magunia yawekwe juu ya matangi, na bwana huyo asafishe mwenyewe.

Msomaji wa Bagira anauliza kama tangi la breki la lori lililokufa linaweza kutumika. Linaweza, na wakati mwingine ni bora kuliko jipya lisilojulikana litokako, mradi kibati kinachoonyesha shinikizo lake bado kinasomeka na ndani hamjaliwa na kutu. Lipimwe kwa maji, si kwa upepo: lijazwe maji pomoni, kisha lisukumwe hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, kwa sababu maji hayabaniki kwa urahisi, na tangi likipasuka litavuja tu badala ya kulipuka. Msomaji huyo ameongeza kwamba fundi wake hupima kwa upepo huku amelikalia tangi ili asikie linapovuja. Huyo abadilishwe kabla ya tangi.