Fa Iliyonikimbia

Jumamosi iliyopita, katika kanisa moja hapa Sakina, nilimsimamisha bibi harusi katikati ya njia kama trafiki wa barabara ya Namanga. Nilikuwa kwenye kinanda, napiga ule wimbo wa kuingilia wanaoujua hata wasiofikiria kuoa: so do do do, so re ti do. Hapo sina shida. Shida iko mbele kidogo, wimbo unapotoka so, ukagusa do, kisha ukaruka mpaka fa. Kidole changu kikaangukia mi. Na badala ya kusonga mbele kama mtu mwenye akili zake, mikono ikafanya ilichozoea kufanya kwenye mazoezi: ikarudi mwanzo.

Sasa, maharusi wa siku hizi hawatembei tu, wamefundishwa. Mguu wa kulia, tulia. Mguu wa kushoto, tulia. Kila hatua na pigo lake. Nilipoanza upya, bibi harusi naye akaona hana budi kuanza upya. Akasimama, akaunganisha miguu, akamtazama baba yake. Baba, mzee wa watu ndani ya suti inayombana mabegani, akanitazama mimi. Tukaanza. Wakaja vizuri hadi usawa wa kina mama wa kwaya. Nikafika palepale, nikaangukia mi ileile, nikarudi mwanzo. Wakasimama tena. Watoto waliobeba mkia wa gauni hawakupata habari, wakaendelea kutembea, mmoja akazama kichwa kizima ndani ya shela. Niliporudia tena, bwana harusi aliyekuwa akisubiri madhabahuni akaanza kushuka kumfuata mchumba wake, nadhani kwa hofu kwamba asingefika. Mchungaji akamshika mkono wa koti. Dirishani vijana wakanisaidia kwa ushauri: "Oya chalii, songa mbele!"

Ibada ilipokwisha, shangazi wa bibi harusi akanifuata. "Pole mwanangu. Umeme ulikatika?"

"Ndiyo, shangazi."

Taa zote za kanisa zilikuwa zinawaka tangu asubuhi.

Wimbo wenyewe ni wa Mjerumani Richard Wagner, umo katika opera yake Lohengrin iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850. Ndani ya opera hiyo huimbwa maharusi wakisindikizwa chumbani, na ndoa inavunjika usiku uleule. Hilo nalo sikumwambia shangazi.

Tangu siku hiyo sina kazi nyingine ila kuichunguza hiyo fa. Ukikitazama kinanda, vitufe vyeusi vimepangwa viwiliviwili na vitatuvitatu, na ndivyo vinavyokuonesha ulipo. Lakini ukipiga kwa kuanzia C, kama tunavyofanya wengi tuliojifunzia kanisani, kati ya mi na fa hakuna cheusi. Vyeupe viwili vimekaa bega kwa bega, bila mpaka. Kidole kinachoruka bila kuangalia hakina cha kukizuia. Hiyo inaeleza kosa la kwanza. La pili na la tatu yanatoka kwingine: ubongo unapoikabidhi mikono kazi iliyorudiwa sana, hauulizi kama kilichorudiwa kilikuwa sahihi. Ukikosea, ukarudi mwanzo, ukakosea, ukarudi mwanzo, umejifunza wimbo mpya kabisa ambao ndani yake kosa ni noti halali na kurudi mwanzo ni kiitikio. Mimi wimbo huo naupiga bila dosari.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, akiwamo Robert Duke, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 17 wa piano waliopewa kipande kifupi cha Shostakovich wakifanyie mazoezi hadi waridhike, kisha wakapimwa siku iliyofuata. Waliofanya vizuri zaidi si waliopiga mara nyingi zaidi, wala si waliokaa muda mrefu zaidi. Wao wakikosea walisimama palepale, wakalitafuta kosa lilipo hasa, wakapiga pale tu, polepole, mpaka mkono ukatulia. Niliposoma hayo nikaona aibu, kisha nikaona hasira. Maana nimeambiwa tangu utotoni: rudia tena kuanzia juu! Mwalimu wa kwaya anasema hivyo. Aliyemfundisha alisema hivyo.

Basi nikaichukua so, do, fa peke yake. Noti tatu tu, polepole kiasi kwamba mtu akisikia anadhani natafuta kitu kilichoanguka. Inafanya kazi. Lakini naifanyia mazoezi wapi? Kinanda cha kanisa kimefungiwa ofisini kisiharibike, na ufunguo anao mzee wa kanisa ambaye akienda shambani Oldonyosambu anakwenda nao. Nakipata Ijumaa jioni, wakati wapambaji wanapiga nyundo. Siku nyingine zote nafanyia mazoezi mezani. Na meza, jamani, haikwambii umegonga mi. Unapiga unavyotaka, inakubali yote. Kisha Jumamosi kamati ya harusi inashangaa.

Kamati hiyo ililipa mpambaji, ikalipa MC, ikalipa fundi mitambo, ikalipa matarumbeta walioning'inia kwenye pikapu kutoka kanisani mpaka ukumbini. Hao matarumbeta hawakosei, na sababu naijua: tarumbeta inalala nyumbani kwa mpigaji. Mimi nilipewa soda ya moto na "Mungu atakulipa". Sina wasiwasi kwamba atalipa. Ninachouliza ni kwa nini fundi mitambo yeye hajawahi kuelekezwa kwa mlipaji huyohuyo.

Ipo mikasa mingine ya kinanda. Kuna msiba ambapo kiwiko kiligusa kitufe cha mdundo, marehemu akaagwa kwa rumba. Kuna Jumapili niliyokuta aliyenitangulia ameacha kinanda kimepandishwa ufunguo, na kina mama wa sauti ya kwanza wakaimba juu kule wanakoimba ndege.

Fa sasa naipata, hata nikiwa nimefumba macho. Wiki ijayo kuna harusi nyingine. Kamati imeamua wimbo wa kuingilia utoke kwenye flashi, ila wameniomba nifike mapema nimsaidie fundi mitambo kushusha spika.