Risasi za Nyumbani

Jirani yangu hapa Ohio hanunui risasi. Anajitengenezea gerejini, eti kubana matumizi. Ili abane, alinunua mashine ya kushindilia, mizani, kifaa cha kupimia urefu wa ganda, na meza nzito ya kubeba vyote hivyo. Mkewe alipouliza bei, alijibiwa kwamba pesa zitarudi. Bado ziko safarini.

Siku ya shabaha, wenzake wakifungasha bunduki, yeye amepiga magoti kwenye majani akiokota maganda ya shaba ili ayajaze tena, mithili ya mtu aliyemwaga mchele wa mkopo. Akirudi, anayatia kwenye chombo kinachotikisika saa kadhaa pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yang'are. Magunzi! Kwetu yanawasha moto.

Kisha inakuja baruti. Hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Hapo hucheki: ikizidi, bunduki inaweza kupasuka mikononi, ndiyo maana vipimo hufuatwa kitabuni, si kwa kukisia. Basi bwana huyu anazima redio, anazima simu, anabana pumzi. Mtu huyuhuyu, nikimkaribisha wali, humwaga chumvi kabla hajaonja.

Nilimwuliza kama kweli kila risasi inamjia kwa bei nafuu. Akasema ndiyo, tena sana. Ila siku hizi anapiga mara tatu zaidi.

Msimu wa kulungu umeisha juzi. Nyama tumenunua buchani.