Saini Kwanza, Bei Baadaye

Daktari mwenye kituo chake husoma picha ya eksirei mpaka aone ufa mwembamba kama unywele. Mkataba wa bima je? Hufunua ukurasa wa mwisho, akasaini, akagonga muhuri, akaagiza chai. Bei za kumwona daktari, za vipimo na za dawa zimo kwenye kiambatisho, na viambatisho, bwana, ni vya mhasibu.

Machi 1, 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kilipoanza kutumika Tanzania, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa mfuko, zikidai bei hazifidii gharama. Wenye hospitali hizo angalau walipiga hesabu.

Nawe daktari, fungua kabati, utoe mkataba, uanzie kwenye kiambatisho. Msambazaji wa dawa hapokei fomu ya madai.