Pikipiki Isiyo na Abiria

Mwaka 1991 kampuni ya Electronic Arts, iliyokuwa San Mateo, California, ilitoa mchezo wa video uitwao Road Rash. Ni mbio za pikipiki ambamo ngumi na mateke ni halali. Mpinzani akikukaribia unamtandika. Akiwa na rungu unamnyang'anya na kumwadhibu kwa rungu lake mwenyewe. Mwaka uliofuata, katika toleo la pili, wakaongeza mnyororo. Walidhani wamebuni jambo la ajabu. Laiti wangepanda pikipiki hapa kwetu Bukavu, kutoka Nyawera kwenda soko la Kadutu, jioni watu wanapotoka kazini, wangeokoa muda mwingi wa kubuni.

Mpwa wangu analo lile toleo la Windows la mwaka 1996. Kompyuta zake mbili, alizoziunganisha kwa waya ili tushindane, ni kongwe, zinaunguruma kuliko pikipiki zilizomo ndani. Mimi ni wa wale wanaocheza kwa mwili mzima: pikipiki ikilalia kushoto, nami nalalia kushoto, na chai inanifuata. Jumapili moja nilimlalia dada yangu aliyekuwa anachagua maharage. Ungo ukaruka, maharage yakatawanyika hadi chini ya kabati, na dada akanionyesha kwamba teke halihitaji kibodi. Nilipogeukia kioo cha kompyuta, mpwa alikuwa ameshanipita huku akiniita "papa", yaani baba, kwa heshima zote. Nikamkaribia, nikainua rungu, umeme ukakatika. Mto Ruzizi unaofua umeme unatoka Ziwa Kivu hapa hapa mjini kwetu, karibu tungeweza kuuchota kwa ndoo, lakini mshindi wa mbio zile hajulikani mpaka leo. Mpwa anasema anajulikana.

Lakini nina ugomvi mwingine na mabwana wa California: mpanda pikipiki wao yuko peke yake! Hana abiria, hana gunia la makaa, hana godoro lililobebwa kwa ubavu likizuia barabara nzima. Akianguka anainuka, anakimbia kuifuata pikipiki yake, anapanda tena, na hakuna mtu nyuma yake anayedai kurudishiwa nauli. Mbio zikiisha, ukishika nafasi za mbele, pesa inaingia yenyewe. Hakuna anayekwambia hana chenji. Petroli haipungui pia. Motari wa Bukavu, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akifika juu ya mteremko anazima injini ili aokoe tone lake, na tunashuka kimya kimya kama bundi, abiria akisali kwa sauti ili angalau kitu fulani kisikike.

Abiria ndiye mchezo wenyewe. Nilikuwa naenda kwenye kikao cha mahari ya binamu yangu, shati jeupe, limepigwa pasi. Motari alishanipakia, kisha akasimama kumchukua mama mmoja mwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. "Sogea kidogo, papa, ni hapo tu mbele." Nikasogea. Nyuma yangu beseni, mbele yangu mgongo wa motari, chini yangu nusu ya kiti. Tukafika penye matope, na motari mwingine akatokea kando na abiria wawili. Wote wakataka ule ukingo mwembamba mkavu. Goti likagusa goti. Wa kwetu akanyoosha mguu, wa kwao akanyoosha mguu, wakasukumana huku wakiulizana habari za nyumbani, maana kumbe ni majirani. Hatukuanguka. Sambaza ndio walioanguka, na waliangukia ndani ya kola yangu.

Yule mama alinilaumu mimi. Alisema ningekaa wima samaki wasingepata njia. Akaanza kuwaokota mgongoni kwangu mmoja mmoja, mbele ya umati, akihesabu kwa sauti.

Ukweni nilipokelewa kwanza na paka. Wazee wa upande wa mwanamke walinusa, wakatazamana, wakauliza kwa adabu kama ukoo wetu una mtumbwi Kivu. Kabla sijajibu, binamu yangu, kwa kutaka sifa, akasema ndiyo. Mahari ikapanda kwa ng'ombe mmoja. Kwenye Road Rash polisi akikukamata unatozwa faini, mambo yamekwisha. Hakuna mzee anayenusa shati lako na kukukadiria utajiri wa ziwani.

Basi, kama kuna mtu wa Electronic Arts anayenisoma, naomba toleo jipya: barabara iwe ya Kadutu msimu wa mvua, pikipiki iwe na abiria wawili, na beseni lihesabiwe kama silaha. Nawe msomaji, ukija Bukavu, patana bei kabla ya kupanda, na motari akikwambia usogee kidogo, shuka kwanza uangalie anayepanda amebeba nini.