Chopa ya Madizini

Mtu akikusifia mchezo wa kompyuta kwamba unafanana na kweli tupu, muulize kwanza: kweli ipi? Maana ipo kweli ya kupaa juu ya milima watoto wakipunga mikono, na ipo kweli ya kusoma kitabu cha maelekezo chenye mamia ya kurasa ili ujue betri inawashiwa wapi. Mpwa wangu hakunifafanulia. Alikuja likizo kutoka chuoni na kompyuta yake kubwa, jostiki, pedali za miguuni, sabufa na diski ya kubebea mafaili, akavipanga sebuleni kwangu Turiani, akatangaza kwamba vitakaa hapo kwa sababu chumba alichopanga mjini kinavuja.

"Mjomba," akasema, "umeendesha trekta miaka yote ile. Helikopta itakushinda?"

Sasa huku kwetu, kwa Wanguu na Waluguru, mjomba hawezi kushindwa mbele ya mpwa hivi hivi. Ukoo unahesabiwa kwa upande wa mama. Mtoto wa dada yako ndiye anayekuhusu kuliko wote, na ndiye atakayekusema vibaya zaidi. Ningekataa, dada zangu wote wangepata habari kabla ya magharibi. Nikavuta kiti.

Nijitambulishe kidogo. Nimevuta trela za miwa kutoka mashambani hadi kiwandani Mtibwa, nimepita tope la masika ambalo wenye magari ya fahari walikuwa wakiliangalia kwa mbali na kurudi Dakawa. Trekta lina ustaarabu wake. Ukilipa gia linakwenda, ukikanyaga breki linasimama, na katikati ya hayo mawili mtu anaweza kumenya muwa. Nilidhani injini ni injini.

Programu yenyewe inaitwa DCS World. Kuipata ni bure, na katika bure hiyo wanakupa ndege mbili za mabawa, Su-25T ya Kirusi na TF-51D ya Kimarekani. Helikopta ni za kununua, moja moja. Ya kwanza kutoka ilikuwa Ka-50 mwaka 2008, Huey ikaja 2013, Mi-24 ikaja 2021, Apache 2022. Mpwa alizinunua kwa pesa ambazo nina wasiwasi zilikuwa za ada, lakini hilo nimeliachia mama yake.

Tukaanza na Huey, ile UH-1H ya vita vya Vietnam. Mnaojua kuwasha gari kwa ufunguo, shukuruni. Huey inataka betri kwanza, kisha mafuta, kisha vitufe vya juu ya kichwa, kisha mkono wa gesi uuweke mahali pake, pasipozidi wala kupungua. Halafu unashikilia kitufe cha kuwashia huku jicho moja likiutazama mshale wa joto na jingine mshale wa mzunguko wa injini, hadi ufike asilimia 40 ndipo uachie. Joto likivuka mstari mwekundu, umeshaunguza injini na hujainuka hata sentimita moja. Ukisalimika, unangoja mapanga ya juu yafike mizunguko 324 kwa dakika. Yakipungua kinalia king'ora chembamba ambacho Mama Zawadi, aliyekuwa jikoni, alikijibu kwa sauti: "Baba Zawadi, hicho kitu kinataka nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuelea.

Tangu utotoni tunachora helikopta imesimama hewani, imetulia, na dereva anacheka. Tunakua tukiamini kusimama hewani ndiyo kazi nyepesi. Sikilizeni kazi yenyewe. Mkono wa kushoto una wenzo wa kolektivu: ukiuvuta, mapanga yanashika hewa zaidi, chombo kinainuka. Mkono wa kulia una fimbo ya saikliki, inayoyalaza mapanga upande unaotaka kwenda. Miguu iko kwenye pedali za feni ya mkiani. Haya. Ukivuta kolektivu, pua inakimbilia kulia, kwa kuwa mapanga yanazunguka huku na mwili unataka kuzunguka kule. Basi kanyaga pedali ya kushoto. Pua inatii, ila feni ya mkiani katika kutii kwake inakisukuma chombo kizima kwenda kulia. Laza fimbo kushoto. Ukiilaza, nguvu ya kuinua inapungua, unashuka. Vuta kolektivu. Ukivuta, pua inakimbilia kulia. Na hapo ndipo tulipoanzia, isipokuwa sasa tuko juu ya paa la hangari.

"Mjomba, usisubiri iende ndipo uirudishe," mpwa akashauri. "Irudishe kabla haijaenda."

Nilimtazama mtoto huyu. Dada yangu alimzaa kwa shida.

Igor Sikorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, alipoiinua VS-300 yake kwa mara ya kwanza Septemba 1939, aliifunga kamba kwa chini. Mashine aliibuni mwenyewe, anaijua hadi skrubu ya mwisho, na bado akaona afunge kamba. Mimi mstaafu wa trekta sikupewa hata uzi.

Halafu kuna kushuka. Ukishuka wima kwa pupa, helikopta inaingia ndani ya upepo ule ule iliousukuma chini yenyewe. Mapanga yanabaki kuzungusha hewa moja, na kadiri unavyovuta kolektivu ujiokoe ndivyo unavyozidi kwenda chini. Dawa, kwa mujibu wa kitabu, ni kusukuma pua mbele ili utoke kwenye upepo huo. Yaani mtu anaanguka, anaambiwa ainamishe kichwa aelekee kule kule anakoangukia. Kitabu kinaliandika hilo kwa utulivu, katikati ya ukurasa, bila hata neno la pole.

Nilipoanza kuizoea Huey, mpwa akaona nina raha, akanihamishia kwa Mrusi. "Huey ni ya kubeba watu, mjomba. Mi-24 ndiyo ya vita." Mi-24 mapanga yake yanazunguka kinyume na ya Huey. Kila nilichokuwa nimeufundisha mguu wa kushoto, Mrusi anakitaka kwa mguu wa kulia. Mmarekani anapima kwa futi, huyu kwa mita, na maandishi ya vitufe ni yale ya Kirusi ambayo hata herufi unayoitambua inatamkwa vingine. Ina vibawa pembeni vinavyosaidia kuinua ikishika kasi, kwa hiyo ikiwa imejaa mzigo inapenda kukimbia kwanza chini ndipo ipae. Nikauliza, kama inataka kukimbia kwenye barabara, kwa nini isingekuwa ndege ya kawaida tukaelewana? Mbele yangu, kwenye kiti cha mpiga makombora, anakaa mtu wa kompyuta anayeitwa Petrovich. Nikitulia anafyatua, nikiyumba anakaa kimya. Ndiye pekee kwenye nyumba hii anayenyamaza ninapokosea njia, na kwa hilo namheshimu.

Apache sikuigusa. Rubani wake anavaa kioo kidogo mbele ya jicho la kulia, kinaonyesha namba na picha za usiku, wakati jicho la kushoto linaangalia dunia iliyobaki. Mimi macho yangu mawili yakishirikiana bado hayaisomi mita ya umeme.

Na umeme nao. Ukikatika ukiwa hewani, huanguki wala hufi. Unapotea tu, wewe na chombo na Petrovich. Ajali ya namna hiyo kitabu hakina. Na usipokatika wenyewe, Mama Zawadi anauangalia unavyopungua. Zamani uniti tulizonunua zilitufikisha mwisho wa mwezi. Sasa anasimama mlangoni na simu mkononi akinisomea zilizobaki, kwa sauti ile ile ya king'ora cha Huey.

Niliyemkosea nini sijui ni jirani yangu, sajenti mstaafu wa JWTZ, ambaye alisikia mlio akaja na kiti chake mwenyewe. Afande huyu alikuwa Kongo 2013, kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ile iliyopambana na waasi wa M23 Kivu Kaskazini. Novemba mwaka huo helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zilipiga ngome za M23 kule Chanzu, na Mi-24 za Umoja wa Mataifa nazo zilikuwepo katika mapigano hayo. Afande aliziona kwa chini. Mtu aliyeiona helikopta kwa chini, nimegundua, ana maoni mengi kuliko aliyemo ndani.

"Unairusha ikiwa imelewa," ananiambia, chai yangu mkononi mwake.

"Afande, ni upepo."

"Sebuleni?"

Anachokijua vizuri ni kuogopa milima. Siku moja nilikuwa napandisha Mi-24 kwenye milima ya Kaukasi, ramani ambayo ni ya bure, nikijisifu kwamba ningeimaliza hata milima hii ya Nguru inayoonekana dirishani ikiwa imejifunika ukungu. Akaniambia niiteremshe kwanza. Agosti 2012 helikopta 4 za jeshi la Uganda ziliondoka Entebbe kuelekea Somalia. Mi-24 tatu ziliishia Mlima Kenya, na wanajeshi 7 wakafa. Mi-17 iliyokuwa nazo ndiyo iliyofika Garissa. Wale hawakuwa wanafunzi wa likizo. Niliizunguka ile Kaukasi kwa chini, bondeni, na Afande siku hiyo hakusema kitu tena.

Ramani za kwetu, kwa taarifa yenu, hazimo. Uluguru hakuna, Mkindo hakuna, daraja la Wami hakuna. Iliyonikaribia moyoni ni ya Ghuba, kwa sababu Dubai imo, na binti wa jirani yangu wa upande wa pili anafanya kazi za ndani huko. Mama yake alipoona majengo kwenye kioo alinituma salamu. Nilijitahidi. Niliishia Khasab, Oman, kwa ubavu.

Yote hayo ningeyavumilia, lakini mpwa aliiunganisha kompyuta na ile sabufa. Huey ina mapanga mawili tu, mapana, na yakikata hewa yanapiga mshindo ambao Vietnam walikuwa wakiusikia kabla hawajaiona. Usiku, kiwanda kikiwa kimya, mlio ule ulitoka sebuleni kwangu ukafika Madizini, sokoni, na huko ukakutana na watu. Asubuhi muuza vitumbua alinisimulia kwamba jeshi limekuja kutoka Ngerengere. Mchana fundi baiskeli akasema hapana, ni tajiri wa sukari. Jioni ikathibitishwa kwamba mstaafu mmoja wa trekta kapata mafao yake, kanunua chopa, kaificha nyuma ya migomba. Shemeji yangu mmoja, ambaye ananidai, alikuja kutazama migomba.

Mama mmoja akauliza nauli ya Morogoro mjini ni kiasi gani na kama kuku wanalipiwa. Kijana wa bodaboda akanisalimia kwa chuki ya wazi.

Tangu Freeman Mbowe wa CHADEMA azunguke na helikopta kwenye kampeni za urais za 2005, kila mgombea nchi hii anaitamani chopa, hata wa udiwani ambaye kata yake anaimaliza kwa bodaboda kabla ya saa sita. Kwa hiyo sikushangaa sana alipofika kijana wa hamasa wa mgombea mmoja, fulana ya picha ya bosi wake, bahasha mfukoni, akiomba kuona chombo.

Nikamwonyesha. Akaitazama kompyuta, akatazama pedali, akatazama nyuma ya pazia.

"Mzee wangu, nyingine iko wapi?"

"Ni hiyo hiyo."

Afande akacheka mpaka chai ikamwagika. Kijana hakucheka. Alikaa, akawaza, akaniomba niiwashe. Nikafuata hatua zote, betri, mafuta, asilimia 40, mizunguko 324, na kwa heshima ya mgeni nikaiinua. Ilipokuwa inakimbilia kulia akainua mkono.

"Usihangaike kuirusha, mzee. Hata ikikaa chini inatosha." Akakaribia sabufa, akaigusa inavyotetemeka. "Jumamosi tuna mkutano pale uwanjani. Tukiweka spika nyuma ya jukwaa, mheshimiwa akatokea upande wa migomba akiwa ameinama kidogo na kushika kofia, unafikiri nani atauliza? Mlio peke yake shilingi ngapi?"

Mpwa akasema laki moja. Afande akasema kwa laki moja yeye aende kama mlinzi, na kombati zake anazo. Mimi nikaanza kueleza kwamba chombo hiki ni cha mafunzo, kwamba nimeteseka kujifunza kuelea, kwamba haiwezekani kazi yote ile ikodishwe kwa makelele yake tu.

"Elfu sitini," akasema Mama Zawadi kutoka mlangoni, simu mkononi. "Na uniti mnaweka nyie."