Jinsi ya Kukwepa Kodi Chemchem kwa Gharama Kubwa Kuliko Kodi Yenyewe

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Muscat, Leicester au Houston, mwenye nyumba ya kupangisha pale Chemchem, Manispaa ya Tabora, na ambaye likitajwa neno "kodi" mtandao wa simu unakatika ghafla. Usione haya, hukuanza wewe. Mji huu ulikuzwa na wageni wenye mali kutoka ng'ambo, na karibu nusu karne walihangaika na maswali yako hayahaya: nimlipe nani, nimlipe kiasi gani, na hakuna njia ya kuchomoka? Mbinu walizobuni ni nyingi. Nimezikusanya hapa kwa faida yako.

Mbinu ya kwanza ni kuoa. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Siku hiyo alilala mgeni, akaamka mkwe, na heshima yake hapa mjini ikawa ya kitemi. Kati ya mbinu zote za karne ile sijaona iliyo nadhifu kuliko hii. Bahati mbaya Mamlaka ya Mapato (TRA) haina fomu ya ukwe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiulizi umeoa kwa nani, inahesabu siku. Ukikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, wewe ni mkaazi. Ukija kidogokidogo, miaka mitatu mfululizo, wastani ukazidi siku 122 kwa mwaka, ni mkaazi pia. Na kama una makazi yako ya kudumu hapa, kukanyaga tu nchini mwaka huo kunatosha. Kwa hiyo ukija kuzika, ukabaki kwa ajili ya harusi, ukasema ungoje maembe yaive, hesabu siku vizuri. Mapato ya mkaazi huhesabiwa kwa kawaida hata yale ya ughaibuni.

Mbinu ya pili ni kubishana bei. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Ugogo ilitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu Burton, Speke na Stanley wote wamejaza kurasa wakilalamika. Mgogo alikuwa na visima katika nchi kavu, na msafara ulikuwa na mamia ya watu wenye kiu. Sijui walitarajia nini. Majadiliano yalichukua siku kadhaa, na kila siku wapagazi walikula posho na kunywa maji yaleyale ambayo bei yake ilikuwa inabishaniwa. Siku hizi unaletewa namba ya malipo kwenye simu. Bishana nayo, ukipenda.

Sasa tufike kwenye mbinu kuu, ile inayohitaji mtaji: badilisha mtoza kodi.

Waarabu wa Kazeh, mtaa uliozaa Tabora ya leo, waliishi kwa raha chini ya Fundikira. Walijenga tembe, walilima bustani, walihifadhi pembe za ndovu, na Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir kwa ukarimu ambao Burton hakuusahau. Kisha Fundikira akafariki, akaja Mnwa Sele. Huyu alitazama mali ile yote inavyopita mlangoni kwake, akatamka jambo ambalo serikali yoyote ingetamka: mali inayoingia nchini mwangu itozwe kodi.

Wenye mali walikaa baraza. Wangeweza kulipa. Wangeweza kuomba unafuu, wakakubaliana na mtemi kijana aliyehitaji marafiki. Wakaamua, kwa hesabu ambayo hadi leo hakuna mhasibu aliyeweza kuifafanua, kwamba vita ni nafuu. Mnwa Sele akafukuzwa, akawekwa Mkasiwa, mtemi wa hiari yao. Speke aliporudi Januari 1861 aliukuta mji uko vitani, njia zimefungwa, wapagazi hawapatikani kwa bei yoyote. Mnwa Sele alikuwa porini akivizia misafara, yaani akikusanya kodi yake bila kutoa stakabadhi. Mwaka huohuo Snay bin Amir, mwenyeji mwema wa Burton, aliuawa katika mapigano hayo. Mnwa Sele mwenyewe hakupatikana mpaka 1865. Piga hesabu: miaka mitano ya baruti, bunduki, posho za wapiganaji na biashara iliyolala, ili kuokoa sehemu ya mzigo.

Aliyepona akajifunza? Hapana. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliusimamisha msafara uliokuwa unaelekea Ujiji, akadai mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na mizigo 5 ya nguo. Baada ya mabishano ya siku nzima na zaidi walilipa, na alipokwisha kupokea akawaambia warudi walikotoka. Hapo nakiri wenye mali walikuwa na haki ya kukasirika. Hata ofisi mbaya kabisa haikati risiti halafu ikakufungia barabara. Lakini wakachagua vita tena, Stanley akiwa miongoni mwao, wakashindwa. Agosti ileile Mirambo aliingia Tabora akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa.

Mtemi wa hiari naye ana watoto. Baada ya Mkasiwa alikuja mwanawe Isike, naye hakuwa mtu wa kutumwa. Wajerumani walipoivamia ngome yake Januari 1893 alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Na Wajerumani, walipotulia, walileta nini? Kodi ya nyumba, kuanzia 1898, kwa kawaida rupia 3 kwa kila kibanda. Safari hii mwenye kibanda ndiye aliyelipa, mgeni akakusanya.

Wewe huna baruti, kwa hiyo utatumia toleo la kisasa la Mkasiwa: mpwa. Ulipochukua pasi ya kigeni uraia wa Tanzania ulikwenda, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inamzuia asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. (Habari za hadhi maalumu ya diaspora mwulize mwanasheria, si kikundi cha familia cha WhatsApp.) Basi kiwanja kimeandikwa jina la mpwa. Ni kijana mzuri, anakuita mjomba kwa adabu zote. Kumbuka tu kwamba hati inamtaja yeye, na siku moja ataoa.

Kodi ya majengo hiyo usiiwazie. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, au 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Kisheria ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, nesi wa watu, ndiye anayekatwa. Usimrudishie, shilingi 18,000 kwa mwaka zinaweza kukufilisi. Naye bomba likipasuka usiku hatakusumbua kwa simu.

Inabaki kodi ya mapato ya pango. Mpangaji akiwa kampuni anatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akiwa si mkaazi, asilimia 15. Hapa ndipo mpwa atakunong'oneza: "Mjomba, tuandike mkataba wa pango dogo, nyingine tupokee mkononi." Kubali, halafu usome inayofuata.

Marekani humdai raia wake kodi ya mapato ya popote duniani, Chemchem ikiwemo, na akaunti zako za nje zikifikisha jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka unatakiwa kuzitaja. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na nchi kama India, Kanada, Afrika Kusini, Zambia na Finland. Marekani na Uingereza hazimo. Hata hivyo nchi zote mbili zina utaratibu wao wa kukupunguzia kodi ya mapato kwa kiasi ulicholipa kihalali ugenini. Hupunguziwa mwenye risiti. Fedha uliyoificha Tabora, ukiitangaza Houston, utailipia Houston yote, na barabara itakayochongwa kwayo itakuwa Texas. Usipoitangaza huko pia, una vita viwili, na historia ya mji wako unaijua.

Kwa hiyo mwambie mpwa aandike pango lote kwenye mkataba, mrudishie nesi 18,000 zake, na omba risiti ya TRA kwa kila kilichozuiwa. Ritani ya Tanzania hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kwisha, yaani 30 Juni kwa wanaofuata mwaka wa kalenda. Ya Marekani ni 15 Aprili, na raia anayeishi nje ya Marekani husogezewa hadi 15 Juni.