Gari Juu ya Mawe

Afande kaingia uani na daftari lake, anaulizia gari la Mzee. Lenyewe liko juu ya mawe chini ya mwembe, injini ilikwenda kwa fundi haikurudi, na kiti cha nyuma kuku ameatamia.

"Shikamoo mzee. Bima ya hili gari iko wapi?"

Amuulize kuku, ndiye dereva wa zamu.

Tusimwonee afande. Hadi 2017 Serikali yenyewe ililidai gari la namna hii ada ya leseni kila mwaka, litembee lisitembee. Deni likipanda, matairi yakishuka. Kisha ada ikafutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, mafuta ya taa yakiwemo. Basi gari la Mzee likasamehewa barabara, na bibi wa kibatari, asiye na hata baiskeli, akaanza kuilipia. Hesabu hiyo waachieni wasomi.

"Na stika ya Nenda kwa Usalama?"

"Mwanangu, lina miaka halijagonga mtu."

Afande kaandika, kainama, sasa anakagua taa za breki.